Baridi ya Njombe haili klachi: tusishushe giaboksi kabla ya kupima

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Masasi, ambaye barua yake uliitoa majuma machache yaliyopita. Alieleza kwamba alipeleka gari lake Makambako mwezi wa Juni, likamgomea gia asubuhi mbili mfululizo, na fundi aliyempata huko akamwambia kuwa baridi imekula klachi, yaani kile kinachoiunganisha injini na giaboksi na kuzitenganisha ukikanyaga pedeli. Akabadilisha seti nzima, yaani pleti, presha pleti na beringi, kisha akarudi nyumbani akiwaasa madereva wa pwani wasipande nyanda za juu wakati wa kipupwe bila kubeba klachi ya akiba. Simcheki hata kidogo, kwa kuwa mimi mwenyewe nilipita njia hiyo hiyo na nikafungua pochi kama yeye. Lakini ushauri huo ukienea utawatia hasara watu wengi, nami naamini umetokana na kosa moja la upimaji ambalo hurudiwa katika gereji nyingi, za kwetu na za huko juu.

Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikiendesha pikapu ya gia za mkono kati ya Mikindani na Njombe. Kwenda nabeba chumvi na ng'onda, kurudi nabeba viazi mviringo, na njia yangu ni ile ya Masasi, Tunduru na Songea, kisha mlima wa Lukumburu. Sisi wa huku baridi tunaisikia kwa jina tu. Kusi ikivuma mwezi wa Julai tunajifunika shuka mbili na kulalamika, ilhali usiku wa Mtwara haushuki sana chini ya nyuzi 19 au 20. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai huko inaweza kukaribia nyuzi sifuri. Ukisogea Makete na Kitulo utakuta umande umeganda juu ya majani, mweupe kama chumvi iliyomwagika. Kwa hiyo gari linaloondoka Mikindani Jumatatu na kulala Njombe Jumanne limeshuka nyuzi ishirini ndani ya siku mbili, likiwa na oili ile ile, mafuta ya breki yale yale na raba zile zile zilizozoea joto la pwani. Mambo mengi hujitokeza hapo, na mengi kati yake hayahusiani na pleti ya klachi.

Yaliyonipata mimi yalikuwa hivi. Niliamka saa kumi na moja alfajiri nyumba ya wageni, nikawasha gari, nikakanyaga klachi hadi chini na kutafuta gia ya kwanza. Haikuingia. Nikalazimisha, ikakwaruza, nikajaribu rivasi, ikapiga kelele iliyowaamsha wageni wengine. Niligundua pia kwamba pedeli ilikuwa laini kuliko kawaida na ilishikia chini kabisa, karibu na zulia. Baada ya kuhangaika kwa dakika kumi gia iliingia, nikaondoka kwa kuruka kama chura, na ilipofika saa tatu asubuhi gari lilikuwa zima kama jana yake. Siku ya pili mambo yakawa yale yale. Nikaenda gereji saa nne, gari likiwa na moto, fundi akaliendesha mtaa mmoja, akasema klachi imekwisha, na jioni nililipa fedha ambayo ilikuwa faida yangu ya safari mbili. Safari iliyofuata, kabla hata ya mwezi kwisha, asubuhi ya kwanza Njombe gia ya kwanza ikagoma tena, huku klachi ikiwa mpya kabisa.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza mapema, na ambalo nalileta kwa msomaji wa Masasi na kwa mafundi wetu: je, klachi yako inashindwa kushika, au inashindwa kuachia? Ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Klachi isiyoshika ni ile inayoteleza. Unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele na mizunguko inapanda, lakini mwendo haupandi. Mlimani na mzigo unasikia harufu kali ya kitu kilichoungua, na gia zenyewe zinaingia bila shida yoyote. Klachi isiyoachia ni kinyume chake. Mwendo na nguvu vipo, lakini ukikanyaga pedeli hadi mwisho injini na giaboksi bado zimeshikana kidogo, kwa hiyo gia ya kwanza inagoma, rivasi inakwaruza, na wakati mwingine gari linataka kutambaa lenyewe ingawa mguu wako uko chini. Pleti iliyolika kwa kawaida huleta ugonjwa wa kwanza. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa pili, na kwa maelezo yake mwenyewe msomaji wa Masasi alikuwa na huo huo wa pili.

Kuna jambo jingine ambalo lingetosha kututia shaka sote wawili. Pleti iliyokwisha huteleza zaidi kadiri inavyopata moto. Alfajiri ndiyo hujikaza, na alasiri kwenye kilima ndipo inapokuumbua. Tatizo linalokuja alfajiri na kuondoka lenyewe baada ya injini kupata moto lina tabia iliyo kinyume na uchakavu. Lainingi, yaani ngozi ngumu ya pleti inayoshika, ikishalika hairudi kuota saa tatu asubuhi. Kitu kinachobadilika kati ya saa kumi na moja na saa tatu ni ugumu wa oili, ulaini wa raba, na unyevu uliokuwa juu ya chuma, na huko ndiko kwa kuanzia kutafuta.

Upimaji wenyewe hauhitaji kifaa chochote, ila unataka gari liwe baridi, yaani limelala usiku kucha bila kuwashwa. Kabla ya kugusa ufunguo, keti kwenye kiti, kanyaga klachi na upitishe gia zote injini ikiwa imezimwa. Zikiingia zote kwa ulaini, jua kuwa mkono wa gia na kinachouunganisha na giaboksi havina ugonjwa. Kisha washa injini, ukiwa umekanyaga klachi, na kwa kupita niseme kwamba huo ni utaratibu mzuri wa baridi kwa kila gari la gia za mkono, kwa sababu stata inapumzishwa kazi ya kuzungusha oili nzito ya giaboksi. Injini ikinguruma, achia pedeli gia ikiwa nyutro, tulia kidogo, kisha ikanyage hadi chini, hesabu hadi kumi taratibu, na ingiza rivasi. Rivasi ndiyo shahidi mzuri kwa kuwa katika magari mengi haina bangili ya kulinganisha mwendo kama zilizo nazo gia za mbele. Kama shafti ya giaboksi bado inazungushwa na injini, rivasi itakwaruza hata ukisubiri. Ikiwa gia zilizoingia vizuri injini ikiwa imezimwa zinagoma injini ikiwaka, klachi haiachii. Ikiwa zinagoma hata injini ikiwa imezimwa, iache klachi na uangalie mkono wa gia na giaboksi.

Usiishie hapo. Pampu pedeli mara tano au sita kwa haraka, kisha ujaribu gia tena. Kama sasa inaingia, na pedeli imepanda juu kidogo, ugonjwa uko kwenye mfumo wa mafuta yanayosukuma klachi, ambayo ni yale yale ya breki, na pleti haina kosa. Ukiishikilia pedeli chini kwa dakika moja gia ikiwa imeingia, na gari likaanza kutaka kutembea polepole, hiyo ni dalili ya masta silinda, ile ya juu inayosukumwa na pedeli, inayovuja kwa ndani: mafuta yanapita nyuma ya raba badala ya kusukuma, ingawa nje hakuna hata tone. Haya nilikuwa siyajui. Nilidhani mafuta ya breki yakiwa yamejaa kwenye kopo basi kila kitu ni kizima.

Kwa ajili ya klachi isiyoshika jaribio ni la barabarani. Tafuta barabara tupu yenye mwinuko kidogo, tembea kilomita 40 au 50 kwa saa ukiwa gia ya nne, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu na uangalie mshale wa mizunguko. Mshale ukiruka juu huku mwendo ukibaki pale pale, klachi inateleza. Wapo wanaopima kwa kufunga breki ya mkono, kuweka gia ya tatu au ya nne na kuachia klachi ili waone kama injini itazimika. Jaribio hilo linasema kweli, lakini lisirudiwe zaidi ya mara mbili, maana klachi iliyokuwa na nafuu unaweza kuichoma hapo hapo ukiipima.

Na madereva wa pwani wajihadhari na jambo moja la huko juu linalofanana sana na kuteleza. Katika mita 2,000 hewa ni nyembamba, na injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Gari lililopanda vilima vya Newala likiimba huonekana limechoka Lukumburu, na dereva anaanza kuacha klachi nusu nusu ili alisaidie, mpaka inanuka kweli. Tofauti iko kwenye mshale ule ule: nguvu zikipungua, mizunguko na mwendo vyote hukataa kupanda kwa pamoja, klachi ikiteleza, mizunguko hupanda peke yake.

Narudi kwenye pikapu yangu, kwa kuwa ugonjwa wake ndio ninaouona mara nyingi zaidi kwa wenzangu wa huku. Niliporudi Mikindani nilimpelekea fundi mmoja mzee ambaye siku hizi hafanyi kazi nyingi, anakaa zaidi chini ya mkorosho wake akiwaelekeza vijana. Hakuomba spana. Aliniuliza tu: "Mjomba, asubuhi ukiipampu inakubali?" Nilipomwambia sijawahi kuipampu, alicheka, akalala chini ya gari juu ya kipande cha boksi, akaisogeza kwa kidole gumba raba inayofunika mdomo wa slevu silinda, ile ndogo ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Tone moja lilidondoka kwenye kiganja chake. Lilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa usiku mzima, na alipolisugua kati ya vidole viwili akanionyesha chenga nyeusi ndani yake, kama masizi. "Hiyo ni raba yako," akasema. "Imejisaga yenyewe. Umeuza ng'onda ukanunua klachi ya bure."

Alivyonieleza ni hivi, na nimekuja kuyathibitisha kwa kuyaona. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo yanayotumika pia kwenye klachi ya mafuta, hufyonza unyevu wa hewa. Yakiwa mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki mpaka nyuzi 205, lakini yakishafyonza maji kiasi kinachotumika kama kipimo, kiwango chake cha chini kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 hutoka 230 hadi 155. Hilo linahusu zaidi breki. Kwa klachi madhara ni ya polepole: maji hayo hutia kutu ukuta wa ndani wa silinda, kutu inafanya vishimo, na kila unapokanyaga pedeli mdomo wa raba unapita juu ya vishimo hivyo kama muhogo juu ya mbuzi ya nazi. Hapa pwani, penye unyevu mwaka mzima, kazi hiyo inakwenda haraka. Lakini kwa joto letu raba inabaki laini, inatanuka na kuziba, kwa hiyo dereva haoni kitu. Akifika Njombe raba hiyo kuukuu inakakamaa usiku, mdomo wake haubani tena ukuta wa silinda, na asubuhi mafuta yanapita pembeni au hewa inaingia. Injini ikipata moto, silinda iliyo karibu nayo inapata joto, raba inalainika, na ugonjwa unajificha hadi kesho alfajiri. Baridi haikuharibu kitu pale. Ilifunua kilichokuwa kimeharibika Mikindani kwa miaka.

Tiba yangu ilikuwa raba za silinda mbili, ya juu na ya chini, mafuta mapya, na nusu saa ya kutoa upepo huku kijana mmoja akikanyaga pedeli na mwingine akifungua nati. Silinda ya chini ilionekana imeliwa sana ndani, kwa hiyo mzee alishauri ibadilishwe nzima. Gharama yote haikufika robo ya ile ya seti ya klachi, na giaboksi haikuguswa. Tangu wakati huo nabadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili, hata kama kopo limejaa, na safari za Julai zimepita bila kelele.

Ugonjwa wa pili kwa wingi ni oili ya giaboksi, na huu kwa kweli si ugonjwa wa klachi hata kidogo, ila huvaa nguo zake. Gia ya kwanza na ya pili zinakuwa nzito alfajiri, mkono wa gia unakwenda kama unakoroga ugali, na baada ya kilomita kumi au kumi na tano kila kitu kinalainika. Mwanangu, ambaye anaendesha gari dogo la abiria, alinipigia simu kutoka Songea akisema klachi imemfia. Nilimuuliza maswali matatu. Gia zinaingia injini ikiwa imezimwa? Akasema zinaingia lakini kwa ugumu ule ule. Ukipampu pedeli panabadilika? Hapana. Rivasi inakwaruza? Haikwaruzi, nayo ni nzito tu. Nikamwambia akae na klachi yake. Kumbe alipobadilisha oili Mtwara muuzaji alimpa oili nzito ya namba 140, akimwambia kwamba kwa joto la huku nzito ndiyo inayolinda.

Namba za oili zinafaa kueleweka na kila dereva anayepanda juu. Ile inayotangulia herufi W hueleza tabia ya oili ikiwa baridi, na W yenyewe ni ya majira ya baridi. Ile inayofuata hueleza uzito wake ikiwa na moto. Oili ya 75W-90 na oili ya namba 140 zote zitafanya kazi Mtwara mchana, lakini alfajiri ya Njombe hazifanani hata kidogo. Mimi sikuridhika na maneno, nikajaza oili hizo mbili kwenye chupa mbili nyeupe za maji na kuziweka usiku kwenye friji ya nyumbani, jambo ambalo mke wangu hajanisamehe mpaka leo kwa sababu ziliwekwa karibu na maziwa. Alfajiri nilizilaza zote kwa pamoja juu ya meza. Ya kwanza ilikimbilia mdomoni mwa chupa kama mafuta ya kupikia. Ya pili ilijiburuza kama ulimbo, na nilikuwa nimeshakunywa nusu kikombe cha chai kabla haijafika shingoni. Sasa fikiria bangili nyembamba za shaba ndani ya giaboksi, ambazo kazi yake ni kukata utando wa oili na kulinganisha mwendo wa gia mbili kabla hazijaumana. Ndani ya ulimbo ule zitakatiza wapi? Zinasubiri, na dereva anayelazimisha ndiye anayezivunja. Kinachotakiwa ni kuisoma namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lenyewe, pamoja na daraja lake la GL (alama ya daraja la oili za gia), kwa kuwa giaboksi nyingi zilizopangiwa GL-4 hazipendi GL-5, na kuachana na ushauri wa dukani wa nzito na nyepesi.

Lipo pia jambo la kutu ya usiku, ambalo nitaligusa tu. Gari lililolala kwenye ukungu au mvua linaweza kuwa na utando mwembamba wa kutu juu ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hushikana nalo, na likiondoka mara ya kwanza linatetemeka, kisha linaacha baada ya kuondoka mara mbili tatu. Hilo si la kulipia fundi. La kulipia ni pale gari lilipoegeshwa miezi kadhaa karibu na maji ya chumvi, kama wengi wetu wa Mikindani tunavyofanya kati ya msimu mmoja wa korosho na mwingine, pleti ikagandana na flaiwili kabisa, na klachi isiachie hata ukikanyaga hadi chini. Hapo pedeli inakuwa na ugumu wake wa kawaida, wala haizami kama ile ya raba mbovu.

Kuhusu kelele niseme neno moja, kwa sababu mafundi wengi huhukumu kwa sikio. Kelele inayotokea unapokanyaga pedeli na kunyamaza unapoiachia, mara nyingi ni ya beringi ya klachi. Kelele inayosikika gia ikiwa nyutro na pedeli iko juu, kisha ikanyamaza unapokanyaga, huelekea kutoka kwenye beringi ya shafti ya giaboksi. Ukizichanganya hizo mbili utabadilisha klachi na kurudi nyumbani na kelele ile ile.

Sasa nije kwenye lile ninalowaomba mafundi, wa Mtwara, Lindi na Njombe. Gari lenye malalamiko ya alfajiri lisipimwe saa nne. Dereva analileta likiwa na moto, kwa sababu amelazimika kuliendesha ili kulifikisha. Fundi analijaribu, anakuta kila kitu kinafanya kazi, na kwa kuwa hataki kumwambia mteja kwamba haoni kitu, anachagua kitu kikubwa kinachoweza kuwa kimekwisha. Nami sidhani kwamba mafundi hawa wote ni wezi. Wengi wanakisia kwa nia njema, juu ya gari ambalo limeshaficha ugonjwa wake. Gari lilale gereji. Dereva aondoke jioni, fundi awe wa kwanza kuligusa alfajiri kabla halijawashwa, na afanye majaribio niliyoyataja, ambayo hayazidi dakika kumi. Kama gereji haina usalama wa kulaza gari, basi fundi aende lilipolala. Nauli ya bodaboda ya fundi ni ndogo kuliko kushusha giaboksi.

Na sisi madereva tuache kufika gereji na kusema "klachi mbovu". Hiyo ni hukumu, na fundi anahitaji habari. Aelezwe ni saa ngapi tatizo linaanza na ni baada ya kilomita ngapi linakwisha, pedeli inashikia wapi, kupampu kunasaidia au la, gia ipi inagoma kwanza, kuna harufu au hakuna, na oili ya giaboksi na mafuta ya breki vilibadilishwa lini mara ya mwisho. Mimi siku hizi naandika hayo nyuma ya stakabadhi ya ushuru wa mazao, maana ndiyo karatasi isiyokosekana kwenye gari.

Sisemi kwamba klachi haziishi. Zinaisha, hasa kwa sisi tunaobeba chumvi kupita kiasi na kulishikilia gari kwenye mteremko kwa klachi badala ya breki. Anayeona mizunguko ikipanda bila mwendo, akasikia harufu ya kuungua na kukuta hali inazidi gari likipata moto, asipoteze muda na raba za silinda. Abadilishe seti, na akishusha giaboksi aangalie pia kama sili ya nyuma ya injini haivujishi oili juu ya pleti, la sivyo pleti mpya itakufa mapema. Vilevile asiendelee kulazimisha gia zinazokwaruza kwa siku nyingi akingoja joto liziponye, kwa kuwa meno ya rivasi ni ghali kuliko kila kitu nilichokitaja hapa.

Kwa msomaji wa Masasi nina ombi moja. Kama fundi wa Makambako alimrudishia pleti ya zamani, na kwa haki ilikuwa mali yake arudishiwe, aitafute na kuiangalia kwa karibu. Juu ya lainingi ataona ribiti, vile vijimsumari vinavyoishikilia, zimezama kwenye matundu yake. Atumbukize ncha ya kipimo cha kina, au kwa asiye nacho, kijiti cha kiberiti kilichowekwa alama kwa ukucha, kutoka uso wa lainingi hadi kichwa cha ribiti. Vitabu vingi vya ufundi vya magari ya Kijapani huweka kikomo karibu na milimita 0.3, kina kikiwa kidogo kuliko hapo, pleti imekwisha kweli, nami nitamwomba radhi katika ukurasa huu huu. Pleti yangu ninayo, imetundikwa kwenye msumari ukutani mwa banda la chumvi. Niliipima matundu yote, na palipolika zaidi pana milimita moja kamili.

Dereva wa pikapu,
Mikindani, Mtwara